Siri ya Mgonjwa ni Amana

Katika kambi za wanajeshi na polisi nchini Uganda nyumba zimekaribiana, na neno litokalo zahanati asubuhi huweza kufika bombani kabla ya adhuhuri. Mtu aliyesikia maradhi ya jirani yakisimuliwa huko atayaficha yake mwenyewe. Kikohozi cha kifua kikuu, ugonjwa wenye tiba, kitaachwa hadi kiwaambukize watoto nyumbani.

Kwa hiyo kutunza siri ni sehemu ya matibabu. Hati ya Haki za Wagonjwa ya Wizara ya Afya ya Uganda inampa mgonjwa haki ya faragha anapopimwa. Habari zake zisitolewe bila idhini yake, isipokuwa sheria ikilazimisha. Karani asiutaje ugonjwa mbele ya foleni. Mke au mume atakaye kujua amwulize mwenzake, si muuguzi.

Naye mgonjwa ana wajibu: aeleze kweli tupu, ataje dawa alizokwisha kutumia, hata za mitishamba, na awaheshimu wanaomhudumia. Na jirani angojaye zamu barazani, ayasikiayo huko ayaache huko huko.