Kemia Isiachwe Kidato cha Pili

Kila Januari matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili yakishatoka, shule nyingi za sekondari nchini Tanzania hupitisha jambo zito kimyakimya. Watoto huchagua masomo watakayobaki nayo Kidato cha Tatu. Aliyepata F ya fizikia na kemia haulizwi sana. Anahamia sanaa, wenzake wanamtania kwamba amekimbia sayansi, basi, yamekwisha. Mwamuzi ni kijana wa miaka 15 au 16, na mara nyingi nyumbani hawana habari.

Naomba mwaka huu tuwe na habari.

Alama za miaka hii miwili ya mwanzo zina walakini wake. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Usanisinuru aliuelewa vizuri tu. Sekondari anaukuta tena ubaoni, safari hii kwa Kiingereza, na mtihani hauna subira naye. Kwenye kemia ni hivyo hivyo: F yake inaweza kuwa ya lugha kabla haijawa ya kemia. Wengi lugha huanza kuwakaa sawa Kidato cha Tatu, na hapo ndipo somo lenyewe linakuwa limeshaachwa.

Tuangalie basi kinachopotea. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, D huanzia alama 30. Mtaani D inachekwa, lakini vyuo vya afya vinaihesabu. Stashahada ya utabibu huhitaji ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo kemia, biolojia na fizikia. D zinatosha kuomba. Ni miaka mitatu ya kusoma, na anayehitimu anaweza kuajiriwa kama tabibu. Akitaka kuendelea, miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inamruhusu kuomba udaktari wa binadamu, shahada ya miaka mitano, akiwa na GPA isiyopungua 3.0 kwenye stashahada yake, pamoja na angalau D za Kidato cha Nne katika fizikia, kemia, biolojia, hisabati na Kiingereza. Hisabati na Kiingereza, nasisitiza, kwa sababu kuna matabibu hodari waliokwama hapo tu.

Fanyeni hesabu. Aliyepita Kidato cha Tano na cha Sita kwa mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia (PCB) alitumia miaka miwili kufika mlango wa chuo kikuu. Huyu wa stashahada ametumia mitatu, na mkononi ana taaluma. Famasia, maabara na uuguzi nazo zina njia za namna hiyo, na kemia na biolojia ndizo msingi wake.

Sisemi njia ni laini. Sifa ya chini inakupa haki ya kuomba, haikupi nafasi. Kwenye vyuo vya udaktari vya Muhimbili, Bugando na KCMC, wanaoomba ni wengi kuliko viti, kwa hiyo anayetoka stashahada ajue GPA ya 3.0 inaweza kumwacha nje na alenge juu zaidi. Ada nayo ipo, na vyuo binafsi vya afya si rahisi. Lakini aliyeacha kemia hata foleni hiyo haioni. Kurisiti fizikia ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, bila maabara na bila mwalimu, baada ya kuikimbia miaka miwili, wanaoweza ni wachache.

Walimu wakuu, mniwie radhi kwa hili: mwanafunzi dhaifu akiacha somo, wastani wa shule kwenye somo hilo unapanda. Najua shinikizo la wastani linatoka wapi. Hata hivyo mtoto asilipe kwa ajili ya wastani huo. Shule ambayo haina mwalimu wa fizikia iwaambie wazazi mapema, ili kijiji kichange na kumtafuta wa kujitolea.

Nawe mzazi, usingoje kuitwa. Fika shuleni kabla orodha za Kidato cha Tatu hazijafungwa, uulize mtoto wako amejiandikisha masomo gani, na kama kemia na fizikia zimekatwa, keti na mwalimu wa taaluma muulizane kwa nini. Mpeni mwaka mmoja zaidi na masomo hayo kabla hamjayakata.