Kapasita Huweka Nini?

Mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba kapasita huweka chaji. Mimi sikubali. Bamba moja lipatapo chaji chanya, la pili hupata hasi kwa kiasi kile kile. Jumla yake ni sufuri. Kinachowekwa ni nishati, nayo imo katika uga wa umeme ulio kati ya mabamba. Volti zikizidishwa mara mbili, nishati huwa mara nne. Kuchomoa waya ukutani hakuuondoi uga huo. Ndiyo maana televisheni ya zamani iliyozimwa yaweza kumwua fundi. Basi tusikariri tu kwa ajili ya mtihani. Kabla ya kugusa kapasita kubwa, itoe nishati yake kwa kupitia rezista, kisha ipime kwa voltimita.