Gobore, Shamba na Haki ya Mkulima



Mkulima wa Lupaso hahitaji kuelezwa gobore ni nini. Ni bunduki ya mlio mmoja: baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu, vikafuata vipande vya chuma, kisha hushindiliwa kwa ufito na kulipuliwa kwa fataki. Akikosa shabaha, mwindaji huanza upya, na mnyama amekwisha kutoweka. Katika nyumba nyingi za kusini silaha hiyo duni imekaa pamoja na jembe, kwa sababu ya nguruwe pori wanaofukua mihogo na kuangusha mahindi usiku.

Jambo hili lina historia. Baada ya Vita vya Maji Maji (1905–1907), serikali ya Wajerumani ilikusanya bunduki za wenyeji. Njaa iliua wengi, mashamba yakageuka mapori, na wanyama wakaongezeka. Mkulima alinyang'anywa silaha, wala hakupewa ulinzi badala yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 560, hasa wa kusini. Nguruwe huwavuta simba hadi mashambani, na humo mkulima amelala katika dungu la nyasi akilinda mazao. Kwa hiyo suala la nguruwe ni suala la chakula na la uhai.

Hata hivyo, nasema wazi: gobore lisilo na kibali halifai kukaa nyumbani mwa Mkristo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai kibali, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba mamlaka ya umma yana haki na wajibu wa kusimamia silaha. Tena gobore lililoundwa kwa bomba laweza kumpasukia aliyelishika. Lililojazwa baruti na kuachwa kando ya kitanda humngoja mtoto, au usiku wa ugomvi. Na lililoua nguruwe leo, kesho huazimwa na mwenye nia nyingine.

Lakini wajibu huu una pande mbili. Anayemwambia mkulima asalimishe gobore amejitwika dhamana ya kumlindia shamba. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa madhara ya wanyama hatari. Lakini fedha ya baadaye hailindi mihogo ya usiku wa leo. Si haki mgeni mwenye fedha awinde kwa leseni, huku mwenye shamba akiitwa jangili bila hata kuonyeshwa njia halali ya kujilinda.

Basi Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zifanye mambo matatu. Kwanza, wenye magobore wayasalimishe katika vipindi vya msamaha ambavyo Jeshi la Polisi limekuwa likitangaza, na viongozi wawasindikize ili wasiogope. Pili, wenye mashamba yanayopakana walinde kwa zamu, asiachwe mjane wala mzee peke yake dunguni. Tatu, kila uharibifu uandikwe, tarehe, shamba na zao, upelekwe serikali ya kijiji na usomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, hadi askari wa wanyamapori wafike.

Gobore likiondoka nyumbani, ulinzi uwe umekwisha kufika shambani. Kristo, Mfalme wa Amani, atujalie kudai yote mawili.