Tuilete Akili Mnemba Mbele ya Ubao



Mtoto aliyeanza kidato cha kwanza Januari 2023 hajasoma sekondari hata siku moja bila ChatGPT kuwepo. Programu hiyo ya akili mnemba ilitoka Novemba 2022. Leo programu za aina hiyo ni nyingi, na mtoto anachohitaji ni simu ya mama yake na bando la siku. Shule zetu nyingi zinakataza wanafunzi kuja na simu, na sina ugomvi na katazo hilo. Ila kazi ya nyumbani hufanyika nyumbani. Asubuhi tunakusanya insha zilizonyooka mno, na ukimwuliza mwenye daftari aya ya pili inasema nini, anatazama chini.

Walimu tunalijua jambo hili na tunanong'onezana ofisini. Tuache kunong'ona, tulifundishe waziwazi.

Madesa tumeishi nayo miaka mingi, lakini hata mwenye desa alilazimika kukariri. Mashine haimdai mtoto hata hilo. Inamwandikia, ananakili, analala. Siku ya mtihani wa kidato cha nne anaingia chumbani na kalamu yake tu.

Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi sana, nazo hutunga jibu kwa kukisia neno linaloelekea kufuata. Zikipatia au zikikosea, sauti ni ileile ya uhakika. Tena maandishi ya Kiswahili yaliyotumika kuzifunza ni machache mno yakilinganishwa na ya Kiingereza. Iulize mojawapo kuhusu riwaya ya Takadini au Watoto wa Mama N'tilie, na inaweza kukuletea mhusika ambaye mwandishi hakumwandika kamwe. Darasa lililosoma kitabu litamkamata. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kazi hiyo haihitaji maabara ya kompyuta. Inatosha simu moja, ya mwalimu. Swali linaulizwa, jibu linaandikwa ubaoni kama lilivyo, kisha wanafunzi wanashika vitabu na kulisahihisha wao. Kila sentensi ionyeshwe ukurasa inakotoka. Isiyo na ukurasa ifutwe. Halafu waulizwe jibu hilo limeacha nini. Mwisho kila mmoja aandike lake, simu ikiwa mfukoni mwa mwalimu. Darasa la wanafunzi 80 linaweza kufanya hivyo kwa makundi, na mtoto aliyezoea kuikosoa mashine mbele ya wenzake hataimeza kirahisi akiwa peke yake usiku.

Wako wanaotaka tuzuie kabisa. Nawaelewa, lakini nafikiri wanakosea. Shule zisizo na mwalimu wa fizikia zipo, na mwanafunzi wa huko anaweza kuomba kanuni ya Ohm ielezwe mara ya nne, kwa Kiswahili, bila mtu kumcheka. Kumnyima msaada huo ni kumdhulumu. Tumfundishe kuiambia mashine: usinipe jibu, niulize maswali mpaka nielewe. Na akishapata maelezo, ayapime kwa kitabu chake.

Mzazi, kwenye kikao kijacho cha shule, kati ya michango na sare, omba ajenda hii iwekwe. Nyumbani, mwambie mwanao afunge daftari akueleze alichoandika. Huhitaji kujua somo ili kutambua kwamba haelewi. Mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 unapendekeza mtoto asitumie programu hizi darasani kabla ya miaka 13, nasi tuufuate. Mwambie pia asiziandikie jina lake kamili, picha wala habari za ugonjwa wa mtu wa nyumbani.

Mwalimu mwenzangu, tutumie vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) kupanga kipindi kimoja cha namna hii kwa kila somo. Tubadilishe na kazi tunazotoa: bei ya mahindi gulioni wiki hii, simulizi ya bibi kuhusu mto uliokauka, kisha maelezo ya mdomo mbele ya darasa. Mitaala iliyoanza kutumika 2024 inataka umahiri, basi na tuupime.

Taasisi ya Elimu Tanzania nayo tuiombe mwongozo mfupi, kwa Kiswahili, ufike hadi shule za kata. Tuiombe kwa barua za bodi na kamati za shule. Barua ya shule yenu iandikwe muhula huu.