Kanga Ilisema Nini?

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu zoezi nililodhani ni jepesi. Niliwataka wachore ramani ya Wilaya ya Mafia, waigawe kwa kata zake, kisha ndani ya kila kata waandike matokeo ya kura za urais ya kila uchaguzi mkuu tangu mwaka 1995, vyama vingi viliporejea kwenye sanduku la kura. Niliichagua Mafia kwa makusudi. Ni wilaya moja iliyo jimbo moja la uchaguzi, na bahari imeichorea mipaka ambayo hakuna waziri awezaye kuihamisha.

Wiki tatu baadaye walirudi na ramani nzuri isiyo na kura. Kata zilikuwapo zote: Baleni, Jibondo, Kanga, Kiegeani, Kilindoni, Kirongwe, Miburani na Ndagoni. Kura za kata hizo hazikuwapo. Mmoja alikuwa ameambiwa katika ofisi moja ya umma, ambayo sina haja ya kuitaja, kwamba kumbukumbu za namna hiyo "si za kuchezea." Mwingine alikuwa amelifuta jina la kijiji kiitwacho Jimbo kwa kudhani ni kosa la uchapaji. Tulicheka. Kisha binti mmoja aliyeketi nyuma akauliza swali lililokizima kicheko: "Mwalimu, kwa hiyo Kanga ilisema nini?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini.

Kanga iko kaskazini mwa kisiwa, katika njia iendayo Bweni na Ras Mkumbi. Si mahali palipopuuzwa na wasomi. Kinyume chake, ni miongoni mwa vijiji vilivyoandikwa sana katika pwani yetu. Mwanaanthropolojia Pat Caplan alifika huko mwaka 1965, akarejea mara nyingi katika miongo iliyofuata, na katika maandishi yake ya mwanzo alikificha kijiji hicho kwa jina la Minazini. Kutokana na kazi yake, msomaji aliyeko London anaweza kujua vikao vya Kanga, yaani makundi ya ukoo ambayo kwayo watu hudai ardhi; anaweza kujua ndoa, kilimo na mashetani ya mahali hapo. Msomaji huyohuyo, hata akipanda boti hadi Kilindoni, ataisaka kwa taabu namba moja tu: watu wangapi wa Kanga walimchagua nani mwaka 2005. Ukoo wa Kanga una kumbukumbu. Uraia wa Kanga hauna.

Si kwamba namba hiyo haijapata kuwapo. Kura zetu huhesabiwa kituoni, mara nyingi katika darasa la shule ya msingi, kwa mwanga wa taa, mbele ya mawakala wa vyama. Matokeo huandikwa katika fomu: 21A kwa urais, 21B kwa ubunge, 21C kwa udiwani. Nakala hubandikwa hapo kituoni, watu huisoma, wengine huipiga picha. Kisha hesabu husafiri kwenda kujumlishwa, na kwa urais hutangazwa kitaifa jimbo baada ya jimbo. Wengi wetu tunaikumbuka Oktoba ya mwaka 2015, tulipoketi mbele ya televisheni tukimsikiliza Jaji Damian Lubuva akisoma orodha ile ndefu. Katika orodha hiyo Mafia nzima ni mstari mmoja. Karatasi ya Kanga inabaki mlangoni mwa darasa, ikingojea mvua ya vuli.

Kujumlisha ni kazi halali. Lakini mhasibu anayeonyesha jumla peke yake na kuzifungia kabatini stakabadhi zote, hata akiwa mwaminifu kama malaika, hana namna ya kuuthibitisha uaminifu wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kura ni mali ya aliyeipiga kabla haijawa mali ya aliyeipata.

Kuna atakayeuliza: ramani hiyo itamfaa nini mvuvi wa Bweni? Namwomba aitazame Mafia kwa macho ya anayeishi humo. Barabara ya kutoka Kilindoni kwenda Utende, kusini, ina urefu wa kilomita zipatazo 14 na imewekwa lami. Ndiyo iendayo kwenye hoteli za watalii. Ile ya kaskazini, ya Kilindoni hadi Ras Mkumbi, ina kilomita zipatazo 55, na kwa miaka mingi imekuwa ya udongo na ya ahadi. Kila kampeni huipitia, kila mgombea hutikiswa nayo na kila mgombea huiahidi lami. Je, kata za njia hiyo ziliwahi kumwadhibu aliyeahidi asitimize? Au ziliendelea kumpa kura, akajua kwamba kaskazini hakumgharimu kitu? Matokeo ya kata kwa kata ndiyo yangewapa wananchi wa Kanga hoja ya kuiweka mezani mbele ya mgombea ajaye.

Au tazama mwaka 1995, uliotupa uchaguzi wa vyama vingi, na ambao pia uliizaa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Hifadhi iliwahusu zaidi watu wa kusini na visiwa vyake, kama Jibondo, Juani na Chole, ambako wavuvi waliwekewa masharti mapya juu ya nyavu na maeneo ya kuvulia. Wa kaskazini hawakuguswa kwa kiwango hicho. Hapo pana swali la kisiasa la wazi kabisa: je, waliofungiwa bahari walipiga kura tofauti na wasiofungiwa? Mtumishi wa umma anayepanga sera ya uvuvi angepaswa kulitamani jibu hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Mstari mmoja wa jimbo hauwezi kumpa.

Tena ramani haihesabu washindi tu. Mwaka 2010, kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 20 walioandikishwa, waliopiga kura walikuwa takriban milioni 8.6, yaani asilimia 43 hivi. Zaidi ya nusu ya daftari lilibaki nyumbani. Walibaki nyumbani wapi? Katika kata za mbali na kituo, au katika kata zilizochoka? Kadhalika ramani ya haki ingehitaji rangi ya peke yake kwa kata ambako diwani alipita bila kupingwa. Kuipaka kata hiyo rangi ya chama ni kusema kwamba watu walizungumza, ilhali hawakuulizwa.

Hata enzi ya chama kimoja isitupwe. Mwaka 1965 mpiga kura wa Tanganyika alipewa wagombea ubunge wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na kwa chaguo hilo finyu wananchi walimwangusha hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Taifa lilionekana kusema kwa sauti moja, huku majimbo yakisema kwa sauti nyingi.

Ng'ambo ya maji, Zanzibar imetuachia somo kali zaidi. Tunajua kwamba Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu, katika uchaguzi ulioishia kwa kambi mbili kulingana viti. Tunajua pia kwamba Julai 1963 chama cha ASP kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Miezi sita baadaye yakaja Mapinduzi. Watu wanaweza kubishana hadi alfajiri juu ya maana ya mambo hayo, na wanabishana kweli. Lakini wanabishana juu ya namba zilizopo, jimbo kwa jimbo. Bila namba hizo tungekuwa na masimulizi ya washindi upande mmoja na manung'uniko ya walioshindwa upande wa pili, wala pasingekuwa na daraja kati yao.

Sasa niikabili hoja ninayoiogopa. Niliisikia Kilindoni, kwa mzee mmoja tuliyekuwa tukingojea boti pamoja. Nilipokwisha kumwamkia na kumweleza kazi ya wanafunzi wangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, mkituandika hivyo, watatujua."

Mzee yule hakuwa na woga wa bure. Katika kijiji chenye vituo viwili vitatu, namba ni karibu sawa na majina. Kituo kikitoa kura tano kwa upinzani, jioni hiyohiyo baraza la kahawa limekwisha kuwataja watano hao. Na kijiji kikijulikana kwamba "si chetu," zahanati yake inaweza kukosa dawa bila mtu yeyote kutoa amri ya maandishi.

Nimelipima neno lake kwa muda mrefu, na jibu langu ni hili: wanaoweza kumdhuru wanajua tayari. Mawakala walikuwa kituoni, fomu zina nakala, vyama vina mafaili. Siri iliyobaki haimkingi mpiga kura dhidi ya mwenye nguvu. Inamkinga mwenye nguvu dhidi ya mpiga kura. Kijiji kinachonyimwa dawa kwa sababu ya kura zake hakiwezi hata kulalamika, kwa kuwa hakina karatasi ya kuonyesha uhusiano wa mambo hayo mawili. Hata hivyo namkubalia mzee jambo moja. Pale ambapo kituo ni kidogo mno, matokeo ya kumbukumbu za zamani yaunganishwe katika ngazi ya kata kabla ya kuchapishwa.

Hoja ya kwamba kazi hiyo haiwezekani haina mashiko. Kenya, mwaka 2022, ilipandisha mtandaoni fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ili kila mtu azisome na kujijumlishia. Ugomvi haukuisha, ulifika hadi Mahakama ya Juu; lakini ulikuwa ugomvi juu ya karatasi zilizo wazi. Na hapa kwetu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu huchapisha idadi ya watu kata kwa kata. Tunajua Mafia ilikuwa na watu 46,438 mwaka 2012 na 66,180 mwaka 2022, na tunajua walivyogawanyika. Dola inayoweza kunihesabu kichwa katika kata yangu inaweza kuniandikia na kura katika kata hiyohiyo.

Haja hii imezidi uzito baada ya Oktoba 29, 2025. Tulitangaziwa ushindi wa asilimia 97.66, katika uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwamo, intaneti ilizimwa na damu ya raia ilimwagika mitaani. Asilimia kama hiyo haiwezi kujitetea yenyewe. Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuyachunguza matokeo ya urais yakisha kutangazwa, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2020 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Mlango wa mahakama ukifungwa, kilichobaki kwa raia ni daftari. Nalo likifungwa pia, hubaki barabara, na tumekwisha kuona barabarani hutokea nini.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ichapishe fomu za vituo vyote, kuanzia uchaguzi huu kurudi nyuma kadiri mafaili yanavyoruhusu. Pili, Nyaraka za Taifa na vyuo vikuu viandae orodha ya mipaka ya kata ilivyobadilika, maana kata iliyogawanywa hailinganishwi na mama yake bila maelezo. Tatu, wanafunzi na wanaharakati wasingoje. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba na inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Tuandike barua, tutunze majibu, na ofisi ikinyamaza tuitunze pia tarehe ya ukimya wake.

Wanafunzi wangu wa muhula huu nimewapa zoezi lilelile. Barua ya kwanza imekwisha kupelekwa, na inaomba kata moja tu. Ile ramani nzuri isiyo na kura nimeibandika ukutani mwa ofisi yangu, na mahali pa Kanga yule binti ameweka alama ya kuuliza kwa kalamu ya risasi, ili ifutike kwa urahisi siku jibu litakapofika.