Serikali ya Mpito Haitatuokoa

Tangu 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bunge la Kenya kupinga Mswada wa Fedha, kuna imani iliyoshika mizizi kuanzia vituo vya bodaboda vya Busia hadi foleni za malori Malaba. Inasema hivi: rais akiondoshwa na barabara, tutateua watu safi wasio na chama, wakae mwaka mmoja au miwili, waisafishe nchi, kisha watuitishie uchaguzi. Naisikia kwa watu ninaowaheshimu. Ni imani ya hatari, na sisi wa mpakani tungepaswa kuwa wa mwisho kuishika, kwa sababu tumeshaona mwisho wake ng'ambo, Uganda, hatua chache tu kutoka tunapobadilishia pesa.

Idi Amin hakuangushwa na maandamano. Aliangushwa Aprili 1979 na jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Waganda hao walikuwa wamekutana Moshi mwezi Machi wakamchagua mtu ambaye hakuna ambaye angemtilia shaka: Profesa Yusuf Lule, aliyewahi kuongoza Makerere. Alikaa siku 68. Alipopanga mawaziri bila kulishauri baraza lililomweka, baraza likamtoa. Akaja Godfrey Binaisa, wakili mahiri aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wakati wa Rais Milton Obote. Huyu alijaribu kumwondoa mnadhimu mkuu wa jeshi, Oyite-Ojok, na Mei 1980 wanajeshi wakamwondoa yeye. Madaraka yakashikwa na Tume ya Kijeshi chini ya Paulo Muwanga, makamu wake akiwa Yoweri Museveni. Desemba uchaguzi ukafanyika, na kura zikiwa bado zinahesabiwa Muwanga akatoa amri kwamba matokeo yasitangazwe bila idhini yake. Obote akatangazwa mshindi. Miezi miwili baadaye Museveni alikuwa msituni na bunduki.

Angalia nani alitoka na nani alibaki. Profesa alitoka, wakili akatoka, wenye jeshi wakabaki. Usafi wa hao wawili haukuwakinga hata siku moja.

Museveni naye alipoichukua Kampala Januari 1986, serikali yake ilikuwa ya mpito, ya miaka minne. Mwaka 1989 ikajiongezea mitano. Uchaguzi wa rais ulikuja 1996. Mtoto aliyezaliwa Busia ya Uganda mwaka ule wa 1986 leo anaweza kuwa mzazi wa watoto wa sekondari, na hajawahi kuona rais mwingine.

Najibiwa kwamba Uganda ilikuwa bunduki tangu mwanzo, si umma. Basi tuitazame Sudan, ambako umma ulijaa barabarani miezi kadhaa hadi Omar al-Bashir akaanguka Aprili 2019. Waliteua mchumi msomi, Abdalla Hamdok, awe waziri mkuu, wakaandika mpito wa miezi 39 wa kugawana madaraka na majenerali. Oktoba 2021 mmoja wa majenerali hao, Burhan, akamkamata Hamdok. Aprili 2023 majenerali wenyewe wakageukiana, na Khartoum ikateketea.

Nepal, ambako maandamano ya vijana yaliiangusha serikali, huletwa kama jibu. Lakini siku ileile jaji mstaafu Sushila Karki alipoapishwa kuwa waziri mkuu wa mpito, 12 Septemba 2025, tarehe ya uchaguzi ilitajwa: 5 Machi 2026. Nguvu ya Nepal ilikuwa katika tarehe hiyo kuliko katika sifa za jaji huyo.

Sisi tunayo tarehe tayari. Kifungu cha 146 cha Katiba ya Kenya kinasema kiti cha rais kikiwa wazi, naibu anashika. Naibu naye asipokuwepo, Spika wa Bunge la Taifa anakaimu na uchaguzi unafanyika ndani ya siku 60. Spika wa sasa ni Moses Wetang'ula, jirani yetu wa Bungoma. Najua vijana wengi hawataki hata kulisikia jina lake kwenye kiti hicho. Mimi namkubali kwa siku 60 kuliko kumkubali mtakatifu yeyote asiye na siku ya kuondoka.

Ila Juni 2024 hata siku hizo 60 hazingewezekana, na hili halikusemwa vya kutosha. Tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na kamishna hata mmoja. Wa mwisho walikuwa wameondoka mwaka uliotangulia, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Rais na naibu wake wangeondoka siku ile, hakuna ambaye angeitisha uchaguzi, na mpito ungekuwa wa mwenye nguvu kuupima anavyotaka.

Tulipata kionjo cha kukosa tume hapa karibu. Rais alipounda serikali jumuishi Agosti 2024, Opiyo Wandayi aliacha ubunge wa Ugunja akawa Waziri wa Kawi. Ugunja, mji wa barabara ya Kisumu kuja Busia, ukakaa bila mbunge hadi uchaguzi mdogo wa 27 Novemba 2025. Jimbo la Banissa, huko Mandera, lilikaa hivyo tangu Machi 2023. Watu hao walilipa ushuru na kodi kama sisi, na hakuna aliyewasemea Bungeni.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu 60 waliouawa katika maandamano ya 2024. Kwa ajili yao ningetaka mabango yajayo, ya Busia na ya Nairobi, yadai sheria moja: nafasi ya kamishna wa IEBC isikae wazi zaidi ya siku 60, na Bunge likishindwa kuijaza, mahakama iwe na mamlaka ya kuijaza kutoka orodha ya waliohojiwa hadharani. Idaiwe sasa, kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, wakati bado hakuna kiti kilicho wazi cha kugombaniwa.