Kimbunga Mitch: Maafa, Madeni na Dhamiri ya Mataifa

Mwishoni mwa Oktoba 1998, kimbunga Mitch kilipata nguvu za daraja la 5 katika Bahari ya Karibi, kikiwa na upepo wa takriban kilometa 285 kwa saa. Kilipoingia Honduras tarehe 29 Oktoba, upepo ulikuwa umepungua sana, lakini kilijikokota polepole juu ya nchi kavu na kumwaga mvua kwa siku kadhaa. Mjini Tegucigalpa, mto Choluteca ulifurika na kusomba mitaa. Nchini Nicaragua, tarehe 30 Oktoba, ubavu wa volkano Casita uliporomoka na kuzika vijiji vya Posoltega. Watu wapatao 2,000 walikufa. Amerika ya Kati ilipoteza watu zaidi ya 11,000.

Mvua ni kazi ya maumbile, lakini idadi hiyo ya vifo haielezwi na mvua peke yake. Miteremko mingi ilikuwa imekatwa miti. Maskini waliokosa ardhi salama walikuwa wamejenga kwenye makorongo na kingo za mito. Katika Waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vinapaswa kusikilizwa kwa pamoja. Mitch ni ushahidi wa mafundisho hayo.

Aidha, Honduras na Nicaragua zilikuwa na deni la nje la takriban dola bilioni 10 kwa pamoja. Je, nchi inayozika wafu wake ilipe riba kwanza, au ijenge upya madaraja na zahanati? Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Barua yake ya Kitume Tertio Millennio Adveniente ya mwaka 1994, alikuwa tayari amependekeza kwamba Jubilei Kuu ya Mwaka 2000 iwe wakati wa kupunguza, au hata kufuta, madeni ya nchi maskini, kwa mwanga wa sura ya 25 ya Kitabu cha Walawi. Askofu Mkuu wa Tegucigalpa, Óscar Andrés Rodríguez Maradiaga, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti hiyo.

Desemba 1998 wakopeshaji wa Klabu ya Paris waliahirisha malipo, na Juni 1999 mataifa tajiri yaliyokutana Köln, Ujerumani, yaliahidi msamaha mpana zaidi. Hata hivyo, Nicaragua ilikamilisha mpango huo mwaka 2004 na Honduras mwaka 2005. Haki iliyocheleweshwa hivyo iliwagharimu wengi.

Nasi tuliguswa na mpango huohuo. Tanzania iliukamilisha Novemba 2001, mwaka ambao pia ada ya shule za msingi ilifutwa. Sauti zilizopazwa kwa ajili ya Tegucigalpa zilipazwa pia kwa ajili ya watoto wetu.

Novemba 2020, vimbunga Eta na Iota viliipiga Nicaragua katika eneo lilelile, kwa tofauti ya majuma mawili tu, na bonde la Sula nchini Honduras likafurika. Msaada baada ya maafa ni tendo la huruma. Kumwezesha maskini kujenga mahali salama kabla ya mvua ni tendo la haki. Wapendwa waamini, tunaitwa kuyatimiza yote mawili, tukianzia kwenye jumuiya zetu ndogondogo, tukiwatambua jirani zetu wanaoishi mabondeni kabla masika hayajafika.